Superman ana wa kumtunza, Lodi Lofa je?

Mpenzi wa katuni wa Dodoma siku hizi utamtambua kwa nailoni. Sisemei mifuko ya sokoni, hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Nasemea ile nyembamba, inayong'aa, ya kuvalisha kitabu kisiguswe na jasho la vidole. Ndani yake kuna Batman au Spider-Man aliyeletwa na shemeji kutoka ng'ambo, au aliyeokotwa kwenye belo la vitabu vya mtumba, na nyuma imewekwa kadi ngumu ya kuzuia kitabu kisijikunje. Mwenyewe hakisomi. Akikuonyesha anakishika kwa ncha za vidole, na wewe mgeni unaangalia tu, mikono mgongoni.

Sina ugomvi na mapenzi yake. Mtu na hela yake. Kinachonikera ni kwamba kitu anachokitunza kwa adabu zote hizo kina maelfu ya watunzaji duniani, wakati katuni za kwetu alizosoma baba yake na shangazi yake, za akina Lodi Lofa, zinafungiwa karanga pale soko la Sabasaba.

Hebu tuwaangalie Wamarekani wenyewe, maana ndio waliotufundisha hii tabia ya nailoni. Juni 1938 toleo la kwanza la Action Comics, lililomtambulisha Superman, liliuzwa senti 10. Mwaka 2014 nakala moja ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 3.2, na mwaka 2024 nyingine ikafika dola milioni 6. Kwa nini? Si kwa sababu watoto wa 1938 waliitunza. Ni kwa sababu hawakuitunza. Waliisoma, wakaichana, wakaazimana, mama zao wakaitupa, halafu vita vikaja na kampeni za kukusanya karatasi chakavu zikabeba nyingi ya zilizobaki. Zilizookoka zikawa za kuhesabika.

Watoto wa watoto wale wakaona bei, wakapata akili, wakaanza kununua na kuweka. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men jipya likachapwa na majalada tofauti tofauti ili mtu mmoja anunue yote, zikauzwa nakala zaidi ya milioni 8. Mwaka uliofuata Superman akauawa katika toleo namba 75, likatoka ndani ya mfuko mweusi, na watu wakanunua mbili mbili: moja ya kusoma, moja ya kuacha ndani ya mfuko wake isomeshe watoto chuo kikuu. Hao watoto wamesoma kwa mikopo kama wenzao. Kila mtu aliitunza, kwa hiyo hakuna aliyeikosa, kwa hiyo hakuna wa kuinunua. Kufikia Desemba 1996 Marvel yenyewe, kampuni ya X-Men na Spider-Man, ilikuwa imekimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Sababu zilikuwa nyingi, lakini soko lililojaa wanunuzi wasiosoma lilikuwa mojawapo.

Siku hizi wamekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2000 kuna kampuni ya huko, CGC, inayokipa kitabu alama hadi 10 halafu inakifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Ukitaka kukisoma, lazima uvunje kasha, na ukivunja alama zimekufa. Mimi kitabu kisichofunguka sikiiti kitabu, lakini tuyaache.

Turudi nyumbani. Ninayo nakala moja ya Sani, lile jarida la katuni la Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, ambayo mtu wa nailoni asingeigusa. Jalada halipo. Pini moja imeng'oka, nyingine imeacha kovu la kutu. Juu ya ukurasa wa kwanza uliobaki kuna majina ya watu wanne kwa kalamu tofauti, na moja limefuatwa na onyo: "Ukimaliza rudisha, sitaki maneno." Chemshabongo imejazwa nusu kwa penseli, na aliyekuja baadaye akasahihisha kwa wino mwekundu, bila huruma. Ukurasa wa kati umekatwa kwa wembe, kwa ustadi. Nina hakika uliishia ukutani, kwa kinyozi au chumbani kwa binti wa watu, enzi ambazo kuta za vyumba vya kupanga zilibandikwa magazeti kuficha udongo.

Kwa mizani ya kule nakala hii haipati hata alama moja. Kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu imesomwa hadi imechoka. Lakini hapohapo ndipo penye balaa letu. Mapenzi ya namna hiyo ndiyo yaliyozimaliza. Jarida lilikuwa la mtaa mzima, na kitu cha mtaa mzima hakina mwenye sanduku la kukihifadhia.

Nani atakuonyesha leo wale wahusika wa Sani, Ndumilakuwili wa mwanzo, au Lodi Lofa alivyochorwa na Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana? Chakubanga wa Christian Gregory aliyekuwa akichekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru? Wazee wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma bado wanamtaja Lance Spearman, yule mpelelezi wa hadithi za picha kwenye African Film, kofia kichwani na sigara mdomoni, kama vile walisoma naye darasa moja. Muulize mmoja wao nakala. Anacheka. "Zilienda na maisha, mjukuu wangu."

Na tuseme ukweli kuhusu ladha yetu, maana inaeleza mengi. Superman anaokoa mji. Ndumilakuwili haokoi mtu. Anataka kula bila kulipa. Lodi Lofa ana mavazi ya bosi na mfuko usio na nauli. Madenge ni mtoto mtundu tu, kaptula imechanika nyuma, na mwisho wa kisa kuna mtu mzima aliyeaibika. Hatukupenda nguvu za ajabu, tulipenda ujanja na aibu ya mjanja aliyezidiwa. Hata Kingo wa James Gayo, ambaye mara nyingi hasemi neno hata moja, ni mtu wa kawaida anayebanwa na siku ya kawaida. Watu wa fasihi wakitaka kujua jinsi mjini kulivyokuwa, suruali zilivyokuwa pana kiasi gani, wasichana walitongozwa kwa maneno gani, bosi alionekanaje na mlevi alikaaje, wasihangaike na hotuba. Waangalie pembeni mwa michoro hii, kule ambako mchoraji alijaza vitu bila kufikiria.

Kuna jambo lingine la kwetu huku kati. Majarida yalichapwa Dar es Salaam na kufika Dodoma kwa treni au basi, na hayakufika yote. Unapata toleo hili, lijalo linaishia Morogoro, la tatu linakuja limepita mikono mingi. Ukiona "itaendelea" unajua hiyo imekwisha. Mwisho utaupata kwa mtu aliyetoka Dar, naye anausimulia vibaya. Nadhani ndiyo maana wasomaji wa rika langu wa hapa mjini wanaanza na kisa cha ukurasa mmoja, kinachochekesha na kufa papo hapo, na hadithi ndefu wanairuka. Wa Dar simsemei.

Vijana wamegeuza kabisa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anapenda ndefu, tena ikiwa ndefu zaidi ndiyo tamu zaidi. Naruto, katuni ya Kijapani ya Masashi Kishimoto, ilianza 1999 ikaisha 2014, juzuu 72, na wapo waliomaliza zote kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, wakisoma kutoka kulia kwenda kushoto kama Wajapani wenyewe. Wengi waliingilia kwenye vibanda umiza, kwenye katuni za video zilizotafsiriwa kwa kelele, kisha wakatafuta za kusoma. Mkusanyiko wao unakaa kwenye memori kadi, wanarushiana. Simu ikikwapuliwa Jamatini, juzuu zote 72 zimepanda daladala na mwizi, na jioni jamaa amezipata upya kwa rafiki. Siwalaumu kwa kutokusanya. Wanachosoma kiko kila mahali, kitakuwepo hata Dodoma yote ikizima simu. Nawaonea wivu, kusema kweli, kwa kutoijua adha ya "itaendelea".

Lakini Sani la zamani haliko kwa rafiki. Na hapa ndipo tunarudi kwa karanga.

Tangu mifuko ya plastiki iondoke, karatasi kuukuu sokoni imepata heshima mpya. Inauzwa kwa kilo: magazeti, madaftari, mitihani ya watoto, na humo ndani, mara mojamoja, majarida ya katuni. Watumishi waliohamia Dodoma kufuata serikali kuanzia 2016 walikuja na makatoni yao, na katoni lisilofunguliwa kwa miaka huishia kwa mnunuzi wa karatasi. Mama mmoja ninayenunua kwake ananijua sasa. Nikimwamkia, anaitikia, kisha anauliza, "Baba, leo unataka karanga au unataka karatasi?" Nataka vyote. Ananiwekea pembeni chochote chenye michoro, na kazi yangu ni kumletea magazeti ya kawaida kwa uzito ule ule, maana biashara ni biashara. Siku moja alinipa koni ambayo ilishakunjwa. Nilipoikunjua nikamkuta Kipepe, yule wa Sani, nusu yake ina mafuta. Nusu nyingine naitunza.

Utaniambia hiyo ni kazi ya maktaba. Ni kweli, sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala kwenye maktaba ya taifa, na chuo kikuu cha Dar es Salaam kina hazina yake ya machapisho ya Afrika Mashariki. Ila biashara ya magazeti ilipofunguliwa miaka ya 1990, majarida ya katuni yalizuka kama uyoga, mengine yakafa baada ya matoleo machache, na mchapishaji anayedaiwa na kiwanda cha uchapaji hana habari ya kupeleka nakala popote. Ya namna hiyo yataokolewa na mtu mwenye sanduku, hakuna mwingine.

Na sanduku lenyewe, kama lipo mahali pazuri, basi ni hapa. Karatasi ya gazeti ni dhaifu kwa asili: haikuondolewa lignini, ile gundi ya asili ya mti inayoifanya iwe njano ikipigwa na mwanga, na tindikali yake inaila taratibu. Pwani unaongeza unyevu, kuvu na kutu ya pini. Dodoma mvua ni za Desemba hadi Aprili, nazo za kubembeleza. Miezi mingine hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Karatasi inapenda ukavu kiasi, ingawa ikikauka mno inavunjika kwenye mkunjo, kwa hiyo usiikunjue kwa haraka. Adui wetu ni wengine: jua la dirishani, vumbi jekundu, na zaidi ya wote mchwa, ambaye hana ubaguzi kati ya Marvel na Sani. Sanduku la bati juu ya matofali, mbali na ukuta. Pini zenye kutu zitolewe kwa kisu butu, kurasa zifungwe kwa utepe wa kitambaa. Mpira wa noti hapana, unayeyuka na kugandia. Halafu piga picha kila ukurasa kwa simu, namba ya toleo ionekane.

Yule kijana wa nailoni anajua haya yote kuliko mimi. Ana kadi ngumu, ana mkono mwepesi, ana subira, anaweka orodha ya namba anazokosa. Ujuzi huo wote ameuelekeza kwa Spider-Man wa miaka ya 1990 ambaye nakala zake zimejaa kwenye maghala ya Marekani. Ningempa yeye majarida ya Sani, Tabasamu na Kingo, angalau robo ya nguvu zake, tungekuwa na mfululizo kamili wa kitu ambacho hakuna mnada wa New York unaoweza kukileta.

Ataniuliza kama zitapanda bei. Sidhani, na ningeomba zisipande. Bei ikipanda atakuja mtu kuzifungia ndani ya kasha.

Kwa sasa ninayo matoleo ya ziada ya Sani, yamejirudia, mengine bila jalada. Nabadilishana toleo kwa toleo, siuzi. Natafuta hasa yale ya mwanzo ya miaka ya 1980, hata yenye chemshabongo iliyojazwa, hata yenye mafuta. Anayetaka kusoma bila kubadilishana anakaribishwa, ila anasomea barazani kwangu na wembe anauacha kwao.