Mozart kwenye piano ya kilo 85

Kila inapotoka rekodi mpya ya sonata za Mozart za kinanda na fidla iliyopigwa kwa fotepiano, yaani ile piano ya mbao ya karne ya 18 au nakala yake, lawama huwa zile zile. Sauti nyembamba. Inakata upesi. Inagonga kama vijiko kwenye sinia. Msikilizaji anairudisha rafuni na kurudi kwa mpiga fidla Arthur Grumiaux na mpiga piano Clara Haskil, waliorekodi sonata sita za Mozart kwa kampuni ya Philips miaka ya 1950. Nani atamlaumu? Rekodi zile ni tamu, na miaka yote hii haijazichosha.

Ila wanaolalamika wanaisikiliza fotepiano wakiwa na Steinway, ile piano kubwa ya kisasa, masikioni, na kila inachokosa wanakihesabu kuwa kasoro. Katika sonata hizi kuna mambo ambayo piano kubwa ya kisasa haiyawezi, nayo yanafika mpaka kwenye swali la fidla imewekwa pale kufanya nini.

Mwaka 1778 Mozart alichapisha Paris sonata sita, K. 301 hadi 306 (K. ni namba ya kazi katika orodha ya tungo za Mozart). Jalada lilisema ni za hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa, au fotepiano, zikisindikizwa na fidla. Miaka kama ishirini baadaye Beethoven alitoa Opus 12 yake, sonata za aina hiyo hiyo, na bado kinanda kilitangulia. Tazama sasa majalada ya karne ya 20. Mpiga fidla Fritz Kreisler alirekodi London sonata zote kumi za Beethoven kati ya 1935 na 1936, akiwa na mpiga piano Franz Rupp. Watu huziita Beethoven ya Kreisler. Rupp alipiga noti nyingi kuliko mwenzake, na ukisikiliza utamkuta amesimama nyuma yake kwa adabu, kama alivyotakiwa.

Mambo yaligeukaje? Ladha ya hadhira ilichangia, na umaarufu wa wapiga fidla pia. Lakini mimi naanzia kwenye uzito. Piano ya Mozart iliyotengenezwa na Anton Walter wa Vienna ipo mpaka leo Salzburg. Ina vibonye 61 na uzito wa kilo 85 hivi. Steinway kubwa ya ukumbini ina vibonye 88, urefu wa sentimita 274 na uzito wa karibu kilo 480. Leopold, baba yake Mozart, alipokwenda Vienna mwaka 1785 alimwandikia bintiye kwamba tangu afike, piano ya kaka yake imeshabebwa kupelekwa ukumbini au majumbani kwa watu si chini ya mara kumi na mbili. Jaribu kuibeba Steinway mara kumi na mbili katika wiki chache.

Ndani ya zile kilo mia nne za ziada kuna fremu ya chuma. Fremu hiyo inavumilia mvuto wa nyuzi unaofikia tani ishirini hivi, na mvuto huo ndio unaotoa sauti ya kujaza ukumbi wa watu elfu mbili. Nyundo nazo zilibadilika: zile ndogo zilizovikwa ngozi zikawa kubwa, zimevikwa sufu iliyoshindiliwa. Faida ni sauti kubwa, nene, inayodumu. Tatizo langu liko kwenye hilo neno la mwisho.

Noti ya fotepiano huanza kwa ncha kali, kisha hufifia. Hapo ndipo watu wanapoona udhaifu. Lakini tazama fidla imepewa kazi gani katika zile sonata za 1778. Mara nyingi inashika noti moja ndefu huku kinanda kikikimbia. Mara nyingine inakwenda sambamba na melodi ya kinanda, hatua mbili tatu chini yake. Mwanafunzi akiisoma sehemu ya fidla peke yake atashangaa mtunzi alikuwa anawaza nini, maana kuna kurasa hazina hata kipande cha kujivunia. Akiisoma pamoja na kinanda kinachofifia, kila kitu kinaeleweka. Nyundo inaanzisha noti, upinde unaibeba. Kimoja kina makali na hakina pumzi, kingine kina pumzi ya kutosha wawili.

Weka Steinway mahali pale pale. Pumzi sasa ipo tayari ndani ya piano, tena ya kupita kiasi, na noti ndefu ya fidla haina tena pengo la kuziba. Mkono wa kushoto wa mpiga piano, ambao Mozart huupa noti tatu tatu za kuzungusha mfululizo, unageuka wingu zito katika eneo lile lile zinakoimba nyuzi za chini za fidla. Mpiga fidla anabaki na njia mbili, azame au ajitanue. Wengi wakajitanua: upinde mzito, kidole kinachotetemeka kwenye kila noti, uzi wa juu wa chuma badala ya utumbo wa kondoo. Yule msindikizaji wa 1778 akawa bwana harusi, na ili asifunikwe, mwenye piano akaambiwa apunguze. Sidhani kuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Chombo kimoja kilinenepa, kingine kikalazimika kujitetea.

Mozart mwenyewe alisema alichokipenda. Oktoba 1777, akiwa Augsburg, alimwandikia baba yake kuhusu piano za fundi Stein, na alichozisifia zaidi ni jinsi zinavyonyamaza: sauti inakoma pale pale, mlio haubaki ukizurura. Mtu aliyefurahia noti inayokatika vizuri hakuwa akisubiri karne ipite apate noti isiyotaka kukatika.

Chukua K. 304. Watu hupenda kuihusisha na kifo cha mama yake Mozart, aliyefariki Paris Julai 1778. Mimi naona muziki wenyewe unatosha bila hadithi hiyo. Inaanza na kinanda na fidla wakiimba melodi moja kwa pamoja, bila chochote chini yake. Kwenye rekodi ya mpiga fidla Rachel Podger na mpiga kinanda Gary Cooper, waliomaliza sonata zote za Mozart kwa vyombo vya aina ya zama zile kati ya 2004 na 2009, ngozi ya nyundo na uzi wa utumbo vinachanganyika hadi unapata sauti moja isiyo na jina. Grumiaux na Haskil wanapopiga mwanzo huo huo, unawasikia watu wawili wastaarabu wakitembea bega kwa bega. Inapendeza. Ila ni kitu kingine.

Sasa nije kwenye hoja ninayoona haisemwi vya kutosha. Ukumbini, piano ya kisasa ina utetezi mzito: aliyelipia kiti cha safu ya nyuma ana haki ya kusikia, na fotepiano haimfikii. Kwenye rekodi utetezi huo unakufa. Maikrofoni haina safu ya nyuma. Sisi tunaomsikiliza Mozart tukiwa Mombasa au Dodoma, spika zimo masikioni, tunaongeza na kupunguza sauti kwa kidole gumba. Tusichoweza kukiongeza wala kukipunguza ni uwiano kati ya vyombo viwili. Yaani rekodi ndiyo mahali ambapo hasara kuu ya fotepiano haipo kabisa, na faida yake kuu inabaki nzima. Ajabu ni kwamba hapo hapo ndipo inapokataliwa kwa kuwa "haina sauti".

Na tusijidanganye kwamba rekodi za piano ya kisasa zinatupa uwiano wa asili. Kifuniko cha piano kinashushwa, maikrofoni inasogezwa karibu na fidla, fundi mitambo anamalizia kazi mezani kwake. Huyo ni mwanamuziki wa tatu, jina lake kwa herufi ndogo. Mwaka 1959 Grumiaux, aliyekuwa pia mpiga piano hodari, alirekodi sonata ya K. 481 akipiga vyombo vyote viwili mwenyewe, sauti moja ikinaswa juu ya nyingine. Hakuna ukumbi duniani uliowahi kusikia uwiano ule.

Upande wa pili una jibu, na lililo bora kuliko yote si lile la sinia na vijiko. Linasema hivi: fotepiano nyingi tunazozisikia ni nakala zilizoundwa katika zama zetu, zinanaswa kwa maikrofoni za leo na kukatwa na kuungwa kwa kompyuta, na wengi wa wapigaji wake walianza kwenye vyombo vya kisasa. Kwa hiyo kinachoitwa sauti ya Mozart ni mtindo wa miaka yetu hii uliovaa kanzu ya zamani. Nalikubali lote. Halinigusi, kwa sababu sikudai kwamba rekodi hizi zinatupeleka Vienna. Nimedai kwamba nyundo ndogo na uzi wa utumbo vinatosheana, na hilo linasikika hata nakala ikiwa imetoka karakana jana.

Kuna jibu la pili, gumu zaidi kwangu: mpiga piano mzuri anaweza kulimaliza tatizo kwa vidole. Haskil ni ushahidi. Radu Lupu ni mwingine, aliyerekodi sonata za Mozart mwaka 1974 na mpiga fidla Szymon Goldberg. Goldberg mwenyewe alikuwa amezirekodi kadhaa na mpiga piano Lili Kraus tangu miaka ya 1930. Lupu anaigusa piano ya kisasa kana kwamba anaogopa kuiamsha, na hakuna mtu mwenye masikio atakayesema fidla imemezwa. Lakini sikiliza anachojinyima. Mozart anapoandika kwa nguvu, yeye anapiga kwa nguvu kiasi, maana nguvu kamili ingebomoa nyumba. Kwenye Walter, mpigaji anaweza kwenda hadi mwisho wa chombo na fidla ikabaki salama. Furaha ya kwenda hadi mwisho imo ndani ya muziki huu, na heshima zote za Lupu haziwezi kuirudisha.

Wala sitaki kulitegemea neno lile la "kusindikiza" kupita kiasi. Kufikia 1784 limeshazeeka. Aprili mwaka huo Mozart alitunga K. 454 kwa ajili ya Regina Strinasacchi, mpiga fidla mgeni kutoka Italia, wakaipiga Vienna mbele ya Kaisari Joseph II. Muda ulikuwa mfupi. Inasimuliwa kwamba Kaisari alitazama kwa darubini yake akaona karatasi iliyo mbele ya Mozart ni tupu karibu yote. Hati yenyewe inaonyesha hivyo: sehemu ya fidla iliandikwa kwanza, ya kinanda ikaongezwa baadaye kwa wino wa rangi tofauti, imebanwa pale ilipopata nafasi. Sonata hiyo ni ya watu wawili walio sawa, na anayeirekodi kana kwamba fidla ni mgeni anakosea kama Kreisler, kwa upande mwingine.

Kwa Beethoven mzani unazidi kusogea. Kipimo changu hapo ni Opus 24. Fidla inaimba wimbo kwa sekunde ishirini hivi, piano ikiwa chini. Kisha piano inauchukua na fidla inatakiwa kushuka. Sikiliza rekodi yoyote unayoipenda uone kama kweli inashuka. Nyingi zinajifanya tu.

Halafu inakuja Opus 47. Beethoven aliipiga mara ya kwanza Vienna, tarehe 24 Mei 1803, na George Bridgetower, mpiga fidla ambaye baba yake alikuwa na asili ya Afrika. Wawili hao wakakosana, na sonata ilipochapishwa mwaka 1805 heshima ikapewa Rodolphe Kreutzer, ambaye inasimuliwa hakuwahi kuipiga. Beethoven aliandika juu yake kwamba ni kwa mtindo wa karibu sana na tamasha la fidla na okestra. Hapa nakubali kwamba chuma kina haki yake. Mpiga fidla Joseph Szigeti na Béla Bartók kwenye piano waliipiga Washington, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, tarehe 13 Aprili 1940, na rekodi ya usiku ule ina radi ambayo Walter hana. Hata hivyo mpiga fidla Viktoria Mullova na Kristian Bezuidenhout, waliotoa rekodi ya sonata hiyo hiyo kwa fotepiano mwaka 2010, wanatoa kitu ambacho Bartók hakuweza kukitoa kwenye piano ile kubwa: chombo kilichofika ukingoni, mbao zikilalamika, na mtunzi akitaka zaidi ya kilichopo. Ukinibana nichague, kwa Kreutzer nitaondoka na Szigeti. Kwa Mozart sihitaji kubanwa.

Walio ndani ya kazi hii hawagombani sana kama sisi wasikilizaji. Mpiga fidla Isabelle Faust na mpiga piano Alexander Melnikov walitoa Beethoven mwaka 2009 kwa piano ya kisasa. Walipoanza kutoa Mozart mwaka 2018, Melnikov alihamia kwenye nakala ya Walter, na hakuna aliyemtaka aombe radhi kwa ile ya kwanza. Mfululizo huo umepewa jina la sonata za fotepiano na fidla, kwa mpangilio huo. Podger na Cooper nao waliandika kinanda kwanza, fidla pili. Chini ya majina hayo ya heshima, majalada yote mawili yanamtanguliza mpiga fidla.