Ile Hela Ipi?

Julai hii ya Mbeya, kutoa mkono ndani ya koti ni uamuzi mzito. Mtu umejikunyata zako Mwanjelwa na kikombe cha chai, simu inatetemeka kukuzidi wewe, unajikaza, unauchomoa mkono, unasoma: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja Fulani." Ile hela ipi? Na baridi niliyoila kwa ajili yako nani ataifidia?

Kinachoudhi ni kwamba ujinga huo wa matapeli unalipa. Meseji inamwagwa kwa watu chungu nzima, na kati yao hakosekani mmoja ambaye asubuhi hiyohiyo kamwahidi mtu hela ya magunia ya viazi Uyole. Halafu lile "jina litakuja Fulani" limewekwa kwa akili. Ukituma hela, simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, na hapo ndipo ungeshtuka. Mwenzako kakuandaa mapema ili usishtuke. Mpigie mdai wako kwa namba uliyoihifadhi mwenyewe, basi. Lakini sisi simu ya dakika moja tunaionea uchungu, laki tatu tunaituma bila swali.

Wa pili ni wa "umepokea". Umepokea 250,000, na kabla hujamaliza kushukuru Mungu, mtu anapiga analia: nimekosea namba, ni hela ya mgonjwa, nirudishie. Itazame vizuri hiyo meseji. Imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, nukta zimekaa zinakotaka, na salio jipya ni la kitajiri ambalo laini yako haijawahi kulisikia. Hata ikija kwa jina la huduma usiiamini, jina nalo linaigizwa. Ingia kwenye menyu mwenyewe uangalie salio. Likiwa lilelile 1,340 la jana, muache alie. Na kama hela imeingia kweli? Usiirudishe kwa mkono wako. Apige huduma kwa wateja, wairudishe wao. Ukimtumia wewe, naye akaomba muamala ubatilishwe, umelipa mara mbili, na mgonjwa hayupo.

Sasa huyu "huduma kwa wateja" mwingine! Anakutaja majina yote, na haya majina yetu ya Mwa- yasiyoisha, hakwami hata silabi. Unajisemea, huyu wa kampuni kabisa. Wapi! Alijifanya anakutumia hela, jina lako likatokea, akalinakili, akaghairi. Hajatoa hata senti. Kisha anakuamuru ubonyeze *21*, namba yake, halafu #, eti "kuboresha mtandao". Hapo simu zako zote zimehamia kwake. Ukistuka, bonyeza ##21# zirudi. Mwingine anataka tarakimu 6 "zilizokuja kwako kimakosa". Hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimsomea tu, jioni shangazi yako Tukuyu anaombwa mkopo na wewe ambaye si wewe. Nenda kwenye mipangilio, akaunti, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, uweke namba yako ya siri. Bila hiyo namba, zile tarakimu 6 peke yake hazimfungulii mlango hapo hapo.

Mtaona tapeli huyu hafanyi kazi yoyote. Kubonyeza unabonyeza wewe, kusoma unasoma wewe, namba ya siri unaweka wewe. Yeye yuko kivulini, kibarua ni wewe, na mshahara unamlipa wewe.

Programu za mikopo ya dakika tano nazo zinaomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu. Ukichelewa kulipa, mchungaji na mkwe wanapata taarifa kabla yako. Benki Kuu Novemba 2024 ilitaja 69 zisizo na leseni. Angalia kwanza kama yako haimo.

Na wale wa kusajili laini mtaani. "Mzee, kidole hakijasoma, weka tena." Tena. Tena. Kwa vidole vyetu vilivyosuguliwa na jembe, nani atabisha? Kumbe kila "tena" inaweza kuwa laini nyingine kwa jina lako, na siku ikitapelia watu, polisi wanagonga kwako. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta ya ajabu, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho, ifutwe.

Meseji za kitapeli zipeleke 15040 pamoja na namba iliyozituma. Ila nako kumezuka vituko. Wadaiwa sugu wa mji huu wamepata kichaka: mdai wa kweli, mwenye duka lake na daftari lake, akiandika "ile hela vipi?", anajibiwa, "Tapeli mkubwa, nimekuripoti." Na mkono unarudi kwenye koti.