Usiniulize Nani Alishinda Ijumaa, Niulize ya Jumapili

Nina mtani wangu, Mnyamwezi wa Tabora, anaishi Norman kule Oklahoma, na mi niko Round Rock, kaskazini kidogo ya Austin hapa Texas. Mi Mzaramo, kwa hiyo utani tulizaliwa nao, Marekani imetuongezea sababu tu. Yeye ni Sooners damu damu, timu ya chuo kikuu cha Oklahoma, mi ni Longhorns, timu ya chuo kikuu cha Texas, na kinachotugombanisha zaidi sio ile futiboli yao ya kuvaa helmeti, hapana, ni softiboli ya mabinti wa chuo. Na ndani ya softiboli ugomvi wetu mkubwa ni wikiendi moja, ile ya Aprili 2024 uwanja wa McCombs hapa Austin, Texas tulipowapiga Oklahoma mechi mbili kati ya tatu.

Yeye anasema wikiendi ile haihesabiki. "Mtani, mlifurahi Aprili, sisi tukabeba kombe Juni, sasa nani kapata nini?" Nimemsikia mara nyingi, na hata Wamarekani wenyewe nawasikia wakiongea hivohivo, kwamba mechi za ligi ni za kupasha misuli na kombe la taifa ndo kombe. Mi naona wanakosea kabisa, na leo nataka niseme yote kwa pamoja maana nikimjibu kwa voisi noti hasikilizi mpaka mwisho.

Kwa ambaye hajawahi kuuona huu mchezo: kutoka besi moja, yani kituo cha kukimbilia, kwenda nyingine ni futi 60, kama mita 18 hivi. Pitcha, yani mrushaji, anasimama futi 43 tu kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, mita 13, anazungusha mkono mzima kama pangaboi na kuuachia mpira chini, usawa wa nyonga. Mapitcha wakali wanagusa maili 70 kwa saa, yani kilomita 112, na kwa umbali ule mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au aache. Afu mpira wenyewe hauji sawasawa, kuna unaokuja kama unapanda, kuna unaokuja unazama miguuni, na kuna ule wa hila ambao mkono unazunguka kwa kasi ileile lakini mpira unakuja polepole, mtu anapiga hewa mpaka goti linagusa chini. Wanacheza iningi saba, yani kila timu zamu saba za kupiga, na mkiachwa pointi 8 baada ya iningi ya tano mechi inaishia hapohapo mnaenda nyumbani.

Wadada waliocheza rede watanielewa haraka zaidi. Mi nimecheza rede Kisarawe mpaka sketi ya shule ikawa haina rangi. Unaingia katikati, wawili wanakurushia mpira wa soksi, mwanzoni unakwepa kwa bahati tu, unaruka ruka ovyo, lakini ukidumu pale kati unaanza kumsoma mrushaji, unajua huyu akikunja bega hivi unakuja miguuni, yule akivuta pumzi unakuja kichwani, na ukishamsoma ndo unapata nafasi ya kuinama na kujaza mchanga kwenye chupa. Mrushaji anabaki yuleyule na mkono uleule, we ndo umeshamjua.

Sasa hicho ndo kinachotokea kwenye wikiendi ya mechi tatu. Ijumaa pitcha wao bora anakutesa, unamuona mara tatu labda, unarudi benchi umekunja uso. Jumamosi kocha anafikiria, nimrudishe au nimpe mwingine? Akimrudisha, wale mabinti wameshalala na picha yake kichwani, wameshakaa na makocha wao kuangalia video, na bega lake limeshachoka. Jumapili akirudi tena kila mtu uwanjani anajua anachokuja nacho. Kwa hiyo Ijumaa unaweza kushinda kwa mtu mmoja lakini wikiendi nzima unahitaji kikosi, unahitaji pitcha wa pili na wa tatu, unahitaji yule dada ambaye jina lake halitangazwi aingie iningi ya tano besi zote zimejaa wakimbiaji wa wapinzani na asitetemeke.

Ndo maana mi naipenda hii kuliko dabi yetu ya nyumbani, na nasema hivo nikiwa na Yanga moyoni. Simba na Yanga mnakutana, dakika 90, mtu mmoja anateleza kwenye boksi, refa anapiga filimbi, imeisha, na utaishi na lile jibu miezi kibao hata kama rohoni unajua timu bora ilikuwa ile nyingine. Hawa wanalala hoteli ileile wanarudi kesho uwanja uleule, mtu uliyemkosesha jana unamkuta anakusubiri. Huwezi kujificha siku tatu.

Na ile Aprili tuelewane tulikuwa tunacheza na nani. Oklahoma ya kocha Patty Gasso ilikuwa imebeba ubingwa wa taifa 2021, 2022 na 2023 mfululizo. Kati ya 2023 na mwanzo wa 2024 walishinda mechi 71 bila kupoteza hata moja, rekodi ambayo chuo kingine chochote hakijawahi kuifikia. Kupoteza wikiendi ya ligi hawakuwa wamepoteza tangu 2011! Na sisi tulikuwa na donda, maana fainali ya 2022 walitupiga 16-1, kesho yake 10-5. Kumi na sita kwa moja, fainali. Hiyo namba mtani wangu aliiweka kama jina lake la WhatsApp wiki nzima.

Jumapili ile nilienda na binti yangu, alikuwa na miaka tisa. Tulikaa upande wa besi ya tatu, karibu na pale mapitcha wa akiba wanapopashia mkono, wavu tu ndo unatutenganisha. Nakumbuka mlio zaidi ya chochote, ule mpira ukiingia kwenye glavu ya kecha, yani mdakaji, unalia pah, kavu kabisa, afu kimya, afu pah tena. Binti yangu aliacha kula akawa anaangalia tu mkono wa dada mmoja aliyekuwa anarusha pale. Alikuwa mchezaji wa akiba, sijui hata kama aliingia siku ile, amefunga utepe kwenye nywele, vumbi jekundu mpaka magotini, anapangusa vidole kwenye kifuko cha poda, anarusha, anapangusa, anarusha, hageuki hata watu wakipiga kelele. Siku ya tatu ya wikiendi, na yeye yuko tayari kama vile ndo mechi inaanza.

Na nyimbo, mnaojua vigelegele vya mashindano ya shule mngependa sana. Benchi la softiboli halinyamazi, kila mpigaji anaimbiwa wimbo wake, wanapiga ndoo, wanapiga makofi, wanajibizana, Oklahoma wakianza wao wetu wanazidisha. Jukwaani nako wazee na kofia zao za rangi ya chungwa iliyoiva, na upande mwingine mashati mekundu ya waliotoka Norman, barabara ya I-35 moja kwa moja, kama kilomita 600. Mechi ilivyoisha mama mmoja mzee aliyekaa mbele yetu, hatujuani kabisa, aligeuka akamkumbatia binti yangu huku analia. Mtu halii hivo kwa mechi ya kupasha misuli.

Sawa, Juni ikaja. Texas tulimaliza juu ya msimamo wa Big 12, ligi ya vyuo tuliyokuwamo wakati ule, na tukaingia mashindano ya taifa tukiwa namba 1, Oklahoma namba 2. Fainali tukakutana nao Oklahoma City, wakatupiga 8-3 na 8-4, wakabeba la nne mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifanya kwenye softiboli ya vyuo. Iliniuma, sisemi uongo. Lakini nisomee vizuri kilichotokea kabla hujanicheka. Mchezaji bora wa mashindano yale alikuwa Kelly Maxwell, pitcha wa mkono wa kushoto, ambaye miaka yake ya kabla alikuwa anachezea Oklahoma State, yani wapinzani wengine wa jadi wa Sooners. Na hakuwa amebeba timu peke yake mwaka ule, walikuwa nao wengine wa kupokezana. Aprili iliwaonyesha Oklahoma wanafungika, wakaenda kurekebisha. Mi naamini kabisa bila ile wikiendi ya Austin wasingekuja Juni wakiwa vile. Sasa utasemaje haihesabiki wakati wewe mwenyewe ndo ilikufundisha?

Afu kuna 2025, ambayo mtani haipendi tukiizungumza. Timu zote mbili zilishahamia SEC, ligi nyingine ya vyuo, tangu Julai 2024. Kwenye mashindano ya taifa tukawafunga Oklahoma 4-2, Texas Tech wakawamalizia, safari ya kombe la tano mfululizo ikaishia pale. Fainali ikawa Texas na Texas Tech, mechi mbili kati ya tatu, na nawaomba muiangalie fainali ile kwa jicho la wikiendi ya ligi kwa sababu ni kitu kilekile.

Texas Tech walikuwa na NiJaree Canady. Huyu dada alitoka Stanford kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 1, pesa ambayo kwenye softiboli ya chuo ilikuwa haijasikika, na aliistahili kila senti. Kule Oklahoma City, hatua ya mwisho ya mashindano, mpaka mechi ya mwisho kila mpira uliorushwa na Texas Tech ulirushwa na yeye, hakuna mwingine aliyeingia. Mechi ya kwanza wanaongoza 1-0, iningi ya sita, wanataka kumpa Reese Atwood besi ya bure kwa makusudi ili wasipambane naye, mpira unatakiwa kupita mbali kabisa na yeye. Ule mpira ukaja karibu kidogo tu ya ulivyotakiwa. Atwood akaupiga! Pointi mbili, 2-1, mechi ikaisha hivo. Mi nilisimama juu ya kochi nyumbani kwangu. Mechi ya pili Tech wakashinda 4-3. Mechi ya tatu, wasichana wetu wakimuona kwa siku ya tatu mfululizo, tena wengine walishakutana naye 2024 akiwa Stanford, iningi ya kwanza tu pointi tano, akatolewa. Baadaye Mia Scott wetu akapiga homurani, mpira ukatoka nje ya uwanja, na besi zote zimejaa, na tulikuja kuambiwa alikuwa anacheza na kano ya goti iliyokatika. 10-4, ubingwa wa kwanza wa softiboli katika historia ya Texas, na Teagan Kavan, pitcha wetu, akawa mchezaji bora wa mashindano.

Nilifurahi mpaka jirani akagonga, lakini nilimuonea huruma Canady na bado namuonea. Hii ndo sehemu inayonikera kwenye mchezo ninaoupenda. Watu wanasema kurusha kwa chini hakuchoshi bega, kwa hiyo binti anaweza kurusha leo, kesho na keshokutwa, na makocha wengi toka ligi za watoto wanaishi kwa imani hiyo. Nimeona kwenye timu ya mtaani ya binti yangu, mtoto wa miaka kumi amerusha mechi tatu Jumamosi moja kwa sababu ndo anayeshinda, jioni hawezi kuinua chupa ya maji, baba yake anamsugua bega kwenye gari. Nilimfuata kocha nikamwambia, akaniambia mtoto mwenyewe anapenda. Anapenda ndiyo, ana miaka kumi, anapenda na aisikrimu!

Kwa hiyo nikisema wikiendi ya mechi tatu ndo kipimo, nasema na kwa ajili hiyo. Inamlazimisha kocha alee mapitcha wawili watatu badala ya kumnyonya mmoja. Timu yenye mtu mmoja itakupiga Ijumaa, itapigwa picha, itawekwa mtandaoni, ikifika Jumapili iningi ya nne utaona kocha anaangalia benchi na benchi halina mtu. Ningekuwa na sauti ningetaka hizi wikiendi ziwe na uzito zaidi wakati wa kupanga nani awe namba ngapi kuingia mashindano, na yale mashindano mafupi ya konferensi, yani ya ndani ya ligi, ya kufungwa mara moja ukatoka yapunguzwe uzito. Mechi moja ni mechi moja.

Siku ile ya Aprili baada ya mechi tulibaki. Watoto walipanga foleni kwenye uzio, na wachezaji wakaja kusaini mipira wakiwa bado na vumbi. Pitcha mmoja alikuja amefungwa barafu kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, plastiki imezungushwa, anasaini kwa mkono mwingine, mwandiko unakwenda upande. Binti yangu akamuuliza unaumwa? Akamwambia hapana, leo nimechoka tu, na kesho nina mtihani. Ule mpira uko kwenye kabati letu mpaka leo na huwezi kusoma jina.

Mtani wangu bado habadiliki kwa mdomo. Lakini nimemuona anabadilika kwa maswali. Zamani wiki ya mechi ikifika alikuwa ananipigia Jumatano, anataka kujua Ijumaa tunamuanzisha nani ili aanze kunitisha. Siku hizi ya Ijumaa hata haulizi. Anasalimia, anauliza watoto, anazunguka zunguka, afu ndo anaingia: "Eti mtani, Jumapili mna nani?"