Mshahara wa mke unasingiziwa

Ukizuka mjadala wa mke kumzidi mume kipato, utafiti wa Joanna Syrda wa Chuo Kikuu cha Bath haukosi kutajwa. Ulichapishwa 2019, ukitumia takwimu za kaya zaidi ya 6,000 za Marekani kati ya 2001 na 2015. Dhiki ya akili ya mume ilikuwa ndogo kabisa pale mke alipoleta asilimia 40 ya kipato cha nyumba. Kuanzia hapo ikapanda, ikafika kileleni mume alipomtegemea mke kwa kila kitu. Watu wakishaisoma hiyo 40 wanafunga daftari: mwanamke akishika pesa, hakuna ndoa hapo.

Maumivu hayo si ya kutunga. Kwetu Tanzania mume wa hivyo ataitwa mwanaume suruali, au watasema analelewa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtwika mume matunzo ya mke. Mke anadaiwa kumtunza mume pale tu maradhi au majeraha yanapomzuia kutafuta riziki. Aliyekuzwa humo, siku akipunguzwa kazi, hapotezi mshahara peke yake.

Lakini utafiti uleule unasema mume aliyebeba nyumba peke yake, mke haingizi hata senti, naye alikuwa na dhiki kuliko yule wa asilimia 40. Na hapa ndipo ninaporudi kila mara: kwa wanandoa ambao mke alimzidi mume tangu mwanzo wa ndoa, dhiki ya mume haikuonekana kupanda na kipato cha mke. Pengo ni lilelile, na mume analala usingizi wake. Ungekuwa mshahara ndio sumu, ungewadhuru na hao. (Huenda wanaume wanaooa hivyo wana moyo tofauti. Sawa, basi tuzungumzie moyo, tuuache mshahara.) Tena mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, anaweza kushindwa kazi, pengo la kipato likaja nyuma ya ugonjwa.

Namjua mama mmoja mwenye duka la vipodozi. Kikiwepo kikao cha harusi ukweni, akiwa bado kwenye daladala, humrushia mumewe laki mbili kwenye simu. Kikaoni mume anasimama, anataja mchango wake, anapigiwa makofi. Mke naye anapiga. Usiku mume anakoroma. Mwenzake yuko macho, anapiga hesabu ya kodi ya fremu.