"Kanunue nje"

Mama yangu mdogo ana presha. Kila mwezi huteremka zahanati na daftari lake la kliniki, anapimwa, anaandikiwa, kisha anapanga foleni dirisha la dawa. Mwezi uliopita akapewa lile jibu ambalo Mtanzania yeyote aliyewahi kuuguza analijua: "Hii hatuna mama, kanunue nje." Nje ni duka la dawa mjini, ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na bei aliyoipanga mwenye duka. Alimudu vidonge vya siku kumi. Siku ishirini zilizobaki alimwachia Mungu.

Mimi naiamini Bohari ya Dawa ya serikali, MSD. Iliundwa kwa Sheria Namba 13 ya mwaka 1993, na wazo lake sijaona la kulishinda: nchi inunue dawa kwa pamoja na kwa wingi, ipate bei nafuu, kisha ofisi zake za kanda zizifikishe hadi mlangoni mwa zahanati. Nimewahi kusimama pembeni lori la MSD likishusha mzigo. Wajumbe wa kamati ya kituo walihesabu kasha kwa kasha, wakafungua hata yaliyofungwa vizuri. Mzee mmoja alikuwa anasoma tarehe za kuisha muda kwa sauti. Watu hawa wanajali.

Sasa tazama jambo moja. Siku ileile mama mdogo anakosa kidonge cha presha, dirishani pale dawa mseto ya malaria ipo na ARV zipo. Zimepita bohari zilezile, zimepanda malori yaleyale, zimepokelewa na muuguzi yuleyule. Kwa hiyo nikiambiwa tatizo ni barabara mbovu, nagoma. Zile ni dawa za miradi misonge, yaani miradi ya ugonjwa mmoja mmoja. Fedha zake, nyingi za wafadhili, hutengwa mapema. Za presha na kisukari zinategemea mzunguko: MSD inunue, kituo kilipe, MSD inunue tena. Deni likilala, mzunguko unakatika, na anayeumia ni aliye mwisho wa foleni.

Upo utaratibu wa mshitiri, ulioanzia Dodoma mwaka 2014, ambapo kituo kikikosa dawa kutoka MSD, kinaagiza kwa muuzaji binafsi aliyeteuliwa mkoani. Ni msaada wa kweli, lakini nao unataka kituo kiwe na fedha mkononi.

Vituo navyo vina lao. Muuguzi aliye peke yake, anayezalisha usiku na kugawa dawa asubuhi, leja ataijaza saa ngapi? Leja isipojazwa, oda inakuwa ya kukisia.

Ninachotaka ni hiki: fedha za dawa za presha na kisukari zitengwe na kulindwa kama zinavyolindwa za ARV, na madeni ambayo MSD inadai yalipwe kabla bajeti mpya haijasomwa. Mama mdogo anarudi kliniki wiki ijayo.