Pandisha Kiti Kidogo

Huyu bwana aliyeniona nikipita, magoti yakinisogelea kidevu, akasema, "Ndugu yangu, si upandishe kiti kidogo?" namwomba arudi. Arudi na nyundo. Kidogo! Utadhani baiskeli kuukuu ya chuma inapokea maagizo.

Bolti nililegeza, ikalegea. Hapo nikajiona fundi. Nikashika kiti, nikavuta kwa heshima zote, kimya. Nikakizungusha, baiskeli nzima ikazunguka nacho. Bomba la kiti, lile linalobeba kiti na kuzama ndani ya fremu, ni la alumini, fremu ni ya chuma, na aliyeimiliki kabla yangu aliiona grisi ni anasa. Mnayajua haya. Maji ya mvua yakijipenyeza kati ya metali hizo mbili, humo ndani panakuwa na kibetri, alumini inaliwa, inageuka unga mweupe, na ule unga unadai nafasi kubwa kuliko ya alumini iliyoliwa. Bomba linajikaza lenyewe mwaka hadi mwaka, wala halidai posho. Grisi ya ncha ya kidole ingetosha. Ncha ya kidole, jamani! Mtu kaona uvivu kuchovya kidole, leo mimi namenyeka viganja.

Washauri hawakukosekana. Mafuta ya kulainisha kutu nilimimina, nikayaacha yalale humo, yakalala kweli. Amonia, nikaambiwa, huuyeyusha ule unga: machozi yalinitoka mimi, bomba halikutoka. Mwingine akaja na hoja ya moto. Alumini ikipata joto hutanuka karibu maradufu ya chuma, yaani tulipashe lizidi kunenepa humo humo. Akasema, basi barafu. Barafu ikayeyuka, maji yakashuka ndani ya fremu, na maji ndiyo yaliyotufikisha hapa. Wa mwisho akanong'ona habari ya kostiki soda, ile inayokula alumini na kuacha chuma, huku ikichemka na kutoa hidrojeni inayoshika moto. Huyo nilimshukuru, nikamsindikiza.

Ndipo akaja shemeji. Shemeji hashauri, shemeji anaamuru. "Toa magurudumu. Toa kiti. Pindua fremu, kichwa cha bomba kibanwe kwenye jiliwa la mezani. Hatuzungushi bomba, shemeji, tunazungusha baiskeli." Wazo la kisomi kabisa: fremu nzima inakuwa mpini wa spana. Nikajisikia nimo kwenye maabara.

Akashika mbele, kwenye uma. Mimi nikashika nyuma, pale gurudumu linapokaa. Akakohoa kidogo, kama mgeni rasmi. "Wote upande wa mlango. Moja, mbili, tatu!" Tukasukuma wote upande wa mlango. Fremu haikuzunguka hata chembe. Meza ndiyo iliyoanza safari ya kwenda mlangoni.

"Inakuja!" akapiga kelele.

"Shemeji, hiyo ni meza."

"Meza nayo itulie! Sukuma!"

Tukajadiliana kwa adabu, kisha bila adabu. Nikamweleza kwamba tukisukuma upande mmoja hatuzungushi kitu, tunahamisha samani. Akasema hayo ni mambo ya shule. Hatimaye akakubali, kwa sharti kwamba wazo liwe lake: yeye asukume mlangoni, mimi dirishani. Tukajipanga upya, meza imeegemezwa ukutani. Tukasukuma mpaka shati langu likatoa mlio ambao kwanza tuliudhania ni wa bomba. Halafu, kriiii. Unga mweupe ukadondoka juu ya kiatu changu. Shemeji akanipa mkono. Tukapongezana, tukajifuta jasho, tukarudi kazini kwa kiburi, na safari hii ikazunguka laini kama siagi, kwa sababu kilichokuwa kinazunguka ni kichwa peke yake. Tak! Kichwa kikabaki kwenye meno ya jiliwa, sisi chini na fremu kifuani, na kisiki cha bomba kimetulia ndani vilevile.

Shemeji akakitazama kile kichwa. "Angalau kipande kimetoka," akasema, akakumbuka ana shughuli.

Basi nimebaki na ubapa wa msumeno wa chuma, nimeufunga tambara upande mmoja uwe mpini, nachana kisiki kwa ndani, kuanzia juu hadi chini, kipate kukunjika na kutoka. Ukikata pungufu, hakikunjiki. Ukizidisha, umepasua fremu. Huoni kitu, unasikiliza tu mlio ubadilike. Na vidole navyo ni vyangu, si vya huyo aliyeiona grisi ni anasa!

Kikitoka nitahitaji bomba jipya, na hapo ndipo ninapotaka kumjua aliyekaa akapanga vipimo hivi. Kuna milimita 27.2, kuna 27.0, kuna 26.8, kuna 26.6. Zinapishana unene wa karatasi mbili! Ukichukua nene haliingii, jembamba linazama nawe juu yake. Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi baiskeli kule Dayton, Marekani, kabla ya kurusha ndege yao mwaka 1903. Watu husema ni kiu ya uvumbuzi. Mimi nadhani kuna mteja aliwaletea kiti kilichoganda.

Shemeji kanitumia ujumbe sasa hivi: "Pedeli je, umezijaribu? Ile ya kushoto hufunguliwa kinyume." Sijamjibu.