Dawa ya Wadeni wa Michango

Kuna wanaofuga njiwa, na kuna wanaoshinda barazani wakicheza bao. Mimi nimejitwika daftari la maswali na majibu ya kompyuta kuukuu. Liko mtandaoni, mwenye simu analifungua bure, na kila swali lina namba yake. Namba hizo ndizo zilizozaa kioja chenyewe.

Wateja wangu wengi ni watu wazima: makarani wastaafu, walimu, mafundi redio, na kaka mmoja aliyerithi mashine ya marehemu baba yake, anayenuna ukimtajia wanunuzi wa vyuma chakavu. Maelezo marefu hawayataki. Wananipigia simu kama wamesimama dirishani pa duka la dawa: "Kijana, namba 7 nimefanya, imekataa. Nipe nyingine." Namba 3 ni ya mashine inayosahau tarehe kila ikizimwa; betri imekufa, nunua nyingine, basi. Namba 5 ni ya kile kibetri mfano wa pipa kilicholehemiwa juu ya ubao mkuu wa kompyuta za zamani za aina ya 386 na 486, ambacho kikizeeka huvuja na kuanza kuitafuna shaba ya ubao. Hapo nimeshauri kitolewe, kisha uchafu wake ufutwe kwa siki. Mmoja akauliza kama siki iliyobaki kwenye kachumbari inafaa. Nikamwambia ajaribu, ila vitunguu avitoe.

Sasa sikilizeni namba 11 na namba 12. Ya 11 ilihusu plastiki iliyogeuka njano. Plastiki nyingi za mashine za miaka ya 1980 zilitiwa kemikali zenye bromini ili zisishike moto upesi, na mwanga na joto vikizipiga miaka nenda miaka rudi, weupe wote unapotea. Dawa yake ni krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 12, ileile wanayotumia saluni kugeuza rangi ya nywele. Unapaka, unafunga kwa nailoni isikauke, unaanika juani. Ya 12 ilihusu kichwa cha kusomea disketi, kile kisahani laini cha kutunzia kazi za kompyuta: pamba ya kijiti, spiriti safi, unafuta taratibu. Majirani wawili, ugonjwa mbali mbali.

Mpwa wangu, likizo ya chuo imemchosha, akajitolea kulipanga daftari. Akaona halina utangulizi. Bila kuuliza mtu akaingiza swali jipya juu kabisa: "Kwa nini nisinunue tu kompyuta mpya?" Swali la utovu wa adabu, kama kumwuliza mtu mbele ya mkewe kwa nini hajaongeza wa pili. Lakini ubaya haukuwa kwenye swali. Programu ilijihesabia upya yenyewe, na kila namba ikasogea hatua moja. Kusafisha kichwa kukawa namba 13. Krimu ya saluni ikakalia kiti cha 12.

Siku hizo hizo akanipigia mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, aliyekuwa karani wa hesabu kwenye shamba la mkonge. Ana mashine ya ukoo wa IBM PC XT, ile iliyotoka mwaka 1983, ila yake ni ya kuigizwa, haina jina la maana. Anaitunza kwa wivu. Ukimtembelea lazima akukumbushe kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kwamba yeye ameanza kugusa kibodi marufuku ilipolegezwa miaka ya 1990, wakati wewe unachezea udongo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Disketi haisomi. Mashine inaniuliza iache, irudie, au ishindwe. Nabonyeza irudie tangu alfajiri."

Disketi yenyewe si mchezo. Ni ile pana ya inchi tano na robo, inayobeba kilobaiti 360, picha moja ya simu ya leo haienei humo. Lakini ndani yake, kwenye Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya kupangia hesabu, mzee ameweka michango ya harusi ya mtaa mzima. Nani alitoa, nani aliahidi, nani aliahidi akaugua ghafla siku ya kamati. Mtaa wote unaijua disketi hiyo, na nina hakika kuna nyumba zilizokuwa zikiiombea mauti.

Nikamwambia, "Fanya namba 12, mzee wangu." Nikakata simu, nikaendelea na maisha.

Mjukuu wake akamsomea namba 12 kutoka kwenye simu. Karani wa zamani habishani na waraka. Akavaa kofia, akaenda saluni ya kona ya pili, akaomba krimu ya asilimia 12.

Dada wa saluni akamtazama kuanzia kanzu mpaka upara. "Hiyo ndiyo tunaiita arobaini, babu. Kali. Unataka kupaka nani?"

"Simpaki mtu. Nampaka huyu wangu wa zamani, amekataa kusoma."

Kwa Tanga, maneno hayo yalitosha. Kabla mzee hajavuka barabara, habari ilishafika kwake: babu ananunua dawa ya kubadili nywele rangi, na kuna wa zamani. Mvua ya jioni ilikuta wa zamani huyo ameshapewa makazi Pangani na mtoto mmoja. Bibi hakusema neno. Alimwekea mumewe chakula, akaketi mbali, akawa anamtazama kichwa.

Kesho yake mzee akafungua mashine, akachomoa kiendesha disketi kizima, yaani kile kifaa kinachomeza disketi na kuisoma, akapaka krimu usoni pake, pale kwenye mdomo na kile kitasa cha kufungia. Waraka ulisema krimu isiguse chuma, basi haikugusa chuma; ungedhani amepaka kwa rula. Akakivingirisha nailoni tabaka juu ya tabaka, akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa katikati ya ua, na kila mara anatoka kukigeuza, midomo inachezacheza. Alikuwa anahesabu dakika.

Wapita njia waliona nini? Waliona mzee mwenye orodha ya madeni ya mtaa anazunguka kitu chenye mdomo mweupe, kimefungwa, kinatoa povu chini ya nailoni, naye ananong'ona.

Adhuhuri akabisha hodi jirani wa nyumba ya tatu. Hakukaa. Akatoa noti kutoka kwenye soksi, akasema ni za harusi ya yule binti, kwamba zilimpitia tu, na kwamba watoto wake ni wadogo bado. Baada yake mama muuza vitumbua akaja na kuku mkononi. Kisha mtu ambaye mzee hakumfahamu kabisa, akaacha debe la mchele kibarazani na kuondoka upesi.

Mzee akanipigia. "Kijana, hii namba 12 yako ni ya ajabu."

"Disketi imesoma?"

"Bado. Lakini wameanza kulipa."

Hapo nikajua kuna jambo. Nilifungua daftari, nikamwona mpwa wangu na swali lake namba 1, nikapanda basi kutoka Muheza huku nimeshika chupa ya spiriti mapajani.

Nilikuta kiendesha disketi kimeshaoshwa, uso wake mweupe kuliko siku kilipotoka kiwandani, na mashine iliyobaki njano pande zote. Bibi akanivuta pembeni kuniuliza kama naifahamu Pangani. Nikamweleza mambo ya bromini. Sidhani kama nilisaidia.

Nikataka kukifungua kichwa. Mzee akaweka mkono juu yake. "Usiharibu. Kinafanya kazi."

"Mzee, kazi yake ni kusoma."

"Wewe kazi ya kitu unaijuaje?"

Bibi ndiye aliyeamua. Alitaka kuona hiyo orodha imetaja Pangani au la. Nikaishika disketi, nikaiangalia kwenye lile dirisha lake refu la kusomea: madoa ya kijivu, ukungu mtupu. Pwani yetu na unyevu wake, disketi iliyokaa kabatini huota kama mkate. Ukiisomesha hivyo, ule uchafu unahamia kichwani, na kichwa kichafu kinakwaruza disketi inayofuata. Nikaifuta polepole nikiizungusha kwa kidole, kisha nikageukia vichwa vyote viwili, cha chini na cha juu, cha juu kwa adabu zaidi maana mkono wake hupinda kwa kuguswa tu. Pamba ilitoka kahawia.

Tukarudisha kila kitu mahali pake. Kikanguruma, kikakohoa, taa ikawaka. Safari hii mashine haikuuliza iache wala irudie. Majina yakajipanga kwenye kioo, na mzee akavaa miwani.

Jirani wa nyumba ya tatu: alishalipa yote, tangu mwaka 2009. Mama wa vitumbua: hadaiwi, tena mzee ndiye anayedaiwa naye samahani kimoyomoyo, maana vitumbua vya maulidi vilichukuliwa na hesabu haikufungwa. Yule wa debe la mchele hakuwemo kabisa.

Mzee akakaa kimya kidogo, akatazama kuku aliyefungwa mguuni pa meza. Kisha akashuka mpaka safu ya mwisho, akaandika majina yote matatu kwa kidole kimoja, na mbele ya kila jina akagonga: MCHANGO WA AWALI, HARUSI IJAYO.

"Harusi ya nani?" Bibi akauliza.

Hapo nikaaga, basi la mwisho la Muheza halisubiri mtu.